Kikao cha Mia na Thelathini na Tisa

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kupaka rangi. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia "shahada ya uzamivu" hukaa vizuri kwenye viti na kushusha sauti, nami sitaki heshima nisiyostahili. Nilikuwa na kalamu tano: ya njano, ya kijani, ya waridi, ya bluu na ya machungwa. Nilikuwa pia na mihtasari mia moja arobaini na mitatu ya kamati moja ya mradi wa kompyuta. Sentensi inayoeleza hali, njano. Inayotaja njia zilizopo, kijani. Hofu, waridi. Maafikiano, bluu. Nani atekeleze, machungwa. Ukimaliza yote, msimamizi wako anakuambia uanze upya na nakala safi, kwa sababu sayansi lazima irudiwe.

Msimamizi wangu wanafunzi walimwita Profesa Hatua Tano, naye hakuona tusi. Miaka mingi nyuma aligundua kwamba mameneja wanapoamua hatima ya mradi wa kompyuta hupitia hatua tano, si nne wala sita, na kila mara kwa mpangilio uleule: hutazama hali, hupima njia, hukiri hofu, huafikiana, kisha humteua wa kutekeleza. Ugunduzi huo ulimpa uprofesa, kitabu, na mialiko ya mikutano ya mbali. Kila mkutano ulimrudisha na mkoba wa kitambaa wenye nembo, na mikoba hiyo aliitundika ukutani ofisini kwake, mahali ambapo wenzake hutundika picha za watoto. Niliwahi kuihesabu nikimsubiri amalize simu. Ilikuwa thelathini na minane, na hakuna hata mmoja uliowahi kubeba kitunguu.

Ugunduzi wote ulitoka kwenye boksi moja. Mkurugenzi wa shirika fulani la umma alimpa Profesa mihtasari ya kamati ya mradi, na Profesa, kwa ajili ya kutunza siri, akalibatiza shirika hilo Shirika A na kufuta kwa wino mweusi majina ya wajumbe na hata aina ya huduma waliyotoa. Nilichokijua mimi ni kwamba Shirika A lilikuwa na wateja wengi, kadi nyingi za wateja, na mradi wa kuzihamishia kadi hizo kwenye kompyuta. Mradi uliendeshwa miaka mitano na nusu. Kamati ilikutana kila baada ya wiki mbili. Mfumo wenyewe haukuwahi kufanya kazi hata siku moja.

Mwezi wangu wa kwanza nilipewa kile alichokiita kusafisha data.

"Hapo chini kushoto kuna herufi mbili ndogo za jina la mpiga chapa," Profesa aliniambia. "Hizo ni takataka. Futa."

Nikachukua wino mweupe nikafuta, mara mia moja arobaini na tatu, bila hata kuziangalia. Nilipouliza kama siku moja tungewahoji wajumbe wenyewe, alinicheka kwa upole unaouma kuliko tusi. Watu husahau, alisema, na watu hudanganya. Karatasi haidanganyi. Kisichoandikwa hakikutokea. Maneno hayo ya mwisho aliyapenda mno hata akayachapa kwa herufi kubwa na kuyabandika mlangoni.

Johari ya boksi lile ilikuwa Kikao cha Mia na Thelathini na Tisa. Katika fani yetu kuna jambo moja linalojulikana hata na mlinzi wa geti: meneja hasimamishi mradi unaokufa. Ataongeza muda, ataongeza watu, atabadilisha jina la mradi, atafukuza wataalamu na kuleta wengine. Maji akishayavulia nguo atayaoga, hata kama ni tope. Sasa katika kikao hicho, kwenye ukurasa mmoja na nusu, kamati ya Shirika A iliamua kusitisha. Profesa akaandika makala, "Ujasiri wa Kusitisha", ambayo kila mtu wa fani hii anajifanya ameisoma. Mimi nikaandika sura ya nne ya tasnifu yangu, kurasa tisini na sita juu ya ule ukurasa mmoja na nusu. Nilichambua hata saa. Vikao vyote vilifunguliwa saa nne kamili na kufungwa saa sita kasoro dakika kumi, jambo linalothibitisha, niliandika bila haya, nidhamu ya juu ya muda miongoni mwa mameneja. Ukweli ulikuwa umenikodolea macho miaka saba nami nikawa naupaka rangi. Nyani haoni kundule.

Lazima niseme pia kwamba nilikuwa na haraka. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, yaani mtu wa kusahihisha mitihani iliyotungwa na wengine. Idara ilikuwa imetangaza nafasi moja tu ya uhadhiri, maombi mwisho ni mwisho wa mwezi, na asiye na shahada mkononi asijisumbue. Utetezi wa tasnifu yangu ulipangwa wiki moja kabla ya tarehe hiyo. Profesa aliwachagua watahini mwenyewe. "Hilo hesabu kama limekwisha," aliniambia, nami nikaanza kuwatazama wahadhiri wenye viti vya kuzunguka kama mtu anayechagua cha kwake.

Basi Jumapili moja, wiki tatu kabla ya utetezi, ukoo uliitwa nyumbani kwa bibi. Bibi alianguka bafuni akaumia nyonga, na ilibidi iamuliwe akakae kwa nani. Mimi sikuwa nimehudhuria kikao cha ukoo tangu nianze shahada. Nilikuwa napaka rangi. Nikamkuta baba, baba mdogo, wake zao, na Shangazi, dada yao mkubwa, aliyestaafu ukatibu muhtasi miaka tisa iliyopita na tangu hapo anaendesha ukoo. Alikuwa amekaa wima kwenye kochi, jalada magotini, miwani kwenye ncha ya pua.

"Kikao kilifunguliwa saa nne kamili," akasoma.

Baba mdogo akatazama saa yake. "Dada, saa nne bado dakika saba."

"Ndiyo maana nasoma polepole."

Akaendelea. Hali Ilivyo: mama ameumia na hawezi kupanda ngazi. Njia Zilizopo: kwa mtoto wa kwanza, kwa wa pili, au kwa wa tatu. Hofu za Wajumbe: mdogo wetu alieleza wasiwasi kwamba nyumba yake ni finyu.

"Mimi sijasema kitu!" baba mdogo akaruka.

"Utasema."

Na akasema. Dakika kumi baadaye alisimama akatueleza, kwa uchungu mkubwa, jinsi nyumba yake ilivyo finyu. Watu walicheka mpaka bibi akauliza kutoka chumbani kuna nini. Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka Shangazi alipofika kwenye kichwa cha nne. "Baada ya majadiliano marefu na ya uwazi," akasoma, "wajumbe waliafikiana, kwa kauli moja na bila manung'uniko, kwamba mama akae kwa mtoto wa kwanza."

Kwa kauli moja na bila manung'uniko. Sentensi hiyo nilishaipaka bluu mara mia moja arobaini na tatu. Nikamnyang'anya mama mdogo nakala yake. Vichwa vitano, kwa mpangilio. Kikao kilifungwa saa sita kasoro dakika kumi. Nilitazama ukutani; hata saa nne na nusu ilikuwa haijafika, na watu walikuwa wameshasaini wanauliza chai.

Nilimfuata Shangazi jikoni. Alikuwa anasuuza vikombe.

"Shangazi, hivi vichwa vitano umevitoa wapi?"

"Chuoni. Mwalimu wetu alikuwa akisema muhtasari usio na vichwa vitano ni barua ya mapenzi."

"Na kazini ulikuwa unaandika hivihivi? Kabla ya kikao?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama mchele huoshwa kabla ya kupikwa. "Mwanangu, ukisubiri mabosi wakae ndipo uandike, utaandika nini? Mpira? Nani kaoa wapi? Siku moja kabla, mkurugenzi ananikuta kwenye korido, ananiambia, 'Andika mradi uendelee.' Basi. Naandika hali, naandika njia, hofu nawagawia kwa zamu asije mtu akalalamika kwamba hakuchangia. Wanaingia saa nne, wanasaini, saa nne na nusu wametoka."

"Lakini unaandika saa sita kasoro dakika kumi."

"Kikao cha nusu saa kinaonekana cha kihuni."

Nikakaa juu ya ndoo. Nilimuuliza mradi gani, akasema wa kadi za wateja. Nikamuuliza ulichukua muda gani, akasema miaka mitano na nusu, Mungu awasamehe. Siku zote nilijua Shangazi alifanya kazi shirika la maji, na siku zote Profesa alikuwa amelifuta neno maji kwa wino mweusi. Hivyo ndivyo tulivyoweza kukaa mimi na shangazi yangu kwenye karatasi moja kwa miaka saba bila kukutana.

"Na kile kiti?" nikauliza, ingawa nilikuwa naogopa jibu. Muhtasari wa mia na thelathini na saba una sentensi hii: Wajumbe walikipongeza kiti cha karibu na dirisha kwa utumishi wake mrefu. Profesa ameiandikia kurasa nne, akithibitisha kwamba kiti hicho ni uongozi wenyewe, na dirisha ni mustakabali wa taasisi.

Shangazi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ebo! Umekiona? Nilikuwa nawapima, wanasoma au hawasomi."

"Wakasaini?"

"Wote saba. Na kiti chenyewe kilishavunjika mguu."

Halafu kicheko kikamkauka. Akafuta mikono, akakaa juu ya kigoda mbele yangu, na kwa mara ya kwanza akanieleza habari za makarani wa kadi. Walikuwa wanawake tisa. Kila mteja walimwandika mara mbili, mara moja kwenye kadi na mara moja kwenye mashine, kwa sababu mashine ilikuwa inasahau. Na wataalamu walipobadilishwa, waliandika upya yote. Waliingia alfajiri na kutoka giza limeingia, miaka mitano na nusu. Mmoja wao alikuwa mjamzito wa miezi sita. Alizirai juu ya meza, na mimba ikatoka.

"Nikaenda kwa mkurugenzi," Shangazi alisema. "Nikamwambia, bosi, hawa watu watakufa. Akaniambia, 'Hilo lipelekwe kwenye kamati.' Kamati! Kamati ni nani, mwanangu? Kamati ni mimi. Basi nikalipeleka. Alinipigia simu akiwa safarini, andika kama kawaida. Nikaandika mradi usitishwe, kwa kauli moja na bila manung'uniko. Nilikosea chapa mara tatu. Wakaingia, wakasaini, wakatoka. Jumatatu wale wanawake waliondoka saa kumi jioni, jua likiwaka."

"Mkurugenzi hakugundua?"

"Aligundua siku wizara ilipompa cheti cha uongozi jasiri. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Alikitundika."

"Na wewe hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Huyo profesa wenu alikuja kuchukua boksi, nilimfungia kamba kwa mikono yangu. Alinishukuru, akaazima kalamu yangu. Hakuirudisha."

Nikaona lazima nikiri. Nilimweleza kwamba zile herufi zake mbili za chini kushoto nilizifuta mimi, zote, kwa sababu niliambiwa ni takataka. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Takataka," polepole, kama anaonja chumvi ya mboga, kisha akarudi kwenye vikombe vyake.

Kesho yake nilikwenda kwa Profesa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Walisaini?" akauliza.

"Walisaini bila kusoma."

"Kusaini ni kuamua."

"Profesa, hatua tano ni vichwa vya habari vya chuo cha makatibu muhtasi. Hata kingekuwa kikao cha kununua mbuzi, zingekuwa tano."

Nilimwona akitazama ile mikoba thelathini na minane, mmoja baada ya mwingine, na kwa dakika moja nilimhurumia. Haikuzidi dakika.

"Mtafiti hasikilizi umbea wa jikoni," akasema. "Huyo shangazi yako ana karatasi?"

"Ana kumbukumbu."

"Basi hana kitu." Akanyoosha kidole kwenye yale maandishi ya mlangoni. "Tetea kilichoandikwa, upate kazi yako. Ukishapata cheo utatafiti makatibu mpaka uchoke."

Ningependa kusema niliubamiza mlango. Niliufunga taratibu, nikashukuru, nikaenda kuandaa slaidi. Nilifanya kile walichofanya waheshimiwa wote wa boksi lile: niliona, nikanywea, nikasubiri saini. Debe tupu haliachi kuvuma, na wiki hizo tatu nilivuma vizuri sana. Nilirudia maneno "ujasiri wa mameneja" mbele ya kioo mpaka yakaacha kunikwama.

Siku ya utetezi Shangazi alikuja. Sikumwalika; baba alimwambia. Alifika saa nzima kabla, amevaa suti yake ya kazini ya bluu, na nilipofika nilimkuta ofisini kwa katibu muhtasi wa idara. Huyu katibu ni mwanamke mkimya ambaye nilifanya naye kazi miaka saba bila kumuuliza chochote zaidi ya ufunguo wa chumba cha mitihani. Walikuwa wanazungumzia karatasi za kaboni, jinsi zilivyokuwa zinachafua vidole, wamecheka mpaka machozi.

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na pazia lililobanwa kwa pini ili picha ionekane ukutani. Waliketi Mwenyekiti, mtahini wa ndani, mtahini wa nje na Profesa. Katibu alikaa pembeni na daftari. Nilizungumza dakika thelathini kuhusu rangi zangu. Profesa alikuwa akitikisa kichwa kama anayesikiliza wimbo wake mwenyewe.

Mtahini wa nje akasoma swali lake kwenye karatasi, bila kuinua macho. "Katika Kikao cha Mia na Thelathini na Tisa, mtahiniwa, ujasiri huu ulitoka wapi?"

Jibu lilikuwa kwenye slaidi ya kumi na nne. Kilichoniponza ni kuinua uso. Nyuma kabisa Shangazi alikuwa ameinama mbele, mkoba umebanwa magotini, sikio limegeuzwa kwangu. Hakuwa ananitega. Alitaka kweli kusikia ujasiri wake ulitoka wapi, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ulikuwa ujasiri.

"Haukutoka kwa mameneja," nikasema. "Mameneja hawakuamua kitu. Mihtasari yote iliandikwa kabla ya vikao. Mradi ule ulisimamishwa na shangazi yangu, aliyekuwa katibu muhtasi. Yule pale nyuma."

Mwenyekiti akatabasamu, akageuka, akampigia Shangazi makofi. Wengine wakapiga pia.

"Ni vyema mtahiniwa kuwakumbuka waliomlea," Mwenyekiti alisema. "Vijana wengi wanasahau."

"Sishukuru, Mwenyekiti. Naeleza matokeo ya utafiti."

"Hayo hayamo ndani ya tasnifu," Profesa akasema haraka. "Mtahiniwa amechoka. Jopo linatahini kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa, naam," Mwenyekiti akakubali, akafungua chupa ya maji. Mtahini wa nje, ambaye naapa hakusikia hata neno moja, akaniuliza kwa nini orodha ya marejeo haikuacha nafasi baada ya nukta. Nikamjibu. Nilisema ukweli wangu wote mchana kweupe mbele ya wasomi wanne, ukazama kama jiwe kisimani.

Tukatolewa nje ili jopo lijadili. Jopo lilijadili maandazi; niliyaona yakipita kwenye sinia. Mimi na Shangazi tulisubiri ofisini kwa katibu, na hapo mezani nikaiona ripoti ya utetezi wangu imeshachapwa. Shangazi aliiona kabla yangu; watu wa kazi yake husoma karatasi hata ikiwa imegeuzwa. Jopo, baada ya majadiliano marefu, liliafiki kwa kauli moja mtahiniwa apite bila masahihisho.

"Umeichapa lini?" Shangazi akamuuliza katibu.

"Jana, mama."

Wakatazamana. Katibu akaisukuma kalamu yake kando, akauliza kwa sauti ya chini, "Yale aliyoyasema mule ndani ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na yule mwenye mimba uliyenisimulia kabla hatujaingia?"

"Yupo. Tunasalimiana."

Katibu akanigeukia. Nilikuwa sijawahi kutazamwa na mwanamke yule kwa zaidi ya muda wa kupokea ufunguo. "Hii naweza kuichapa upya kwa dakika tatu. Wewe mwenyewe umesikia wamesema wanatahini kilichoandikwa. Lakini nikigusa, unarudi kuandika sura miezi sita, na nafasi ya kazi inafungwa Ijumaa ijayo. Mimi siwezi kukuamulia."

Nilimtazama Shangazi anisaidie. Alikuwa anaangalia dirishani, na nilijua hatageuka. Niliwaza kiti cha kuzunguka. Niliwaza mitihani ya wengine, marundo yake, miaka mingine mingapi. Niliona uchungu, tena uchungu wa choyo kabisa, sitajipamba. Halafu nikawaza wino mweupe.

"Andika," nikasema.

Aliandika. Ilisomeka hivi: Baada ya majadiliano marefu na ya uwazi, jopo liliafiki, kwa kauli moja na bila manung'uniko, kwamba mtahiniwa aandike upya sura ya nne ndani ya miezi sita na kuonyesha ni nani aliyeamua katika Kikao cha Mia na Thelathini na Tisa, na kwamba msimamizi awajulishe kwa barua wahariri wote waliochapisha makala zake kuwa mihtasari iliandikwa kabla ya vikao. Shangazi alisoma skrini juu ya bega lake, akamwambia aongeze koma. Koma ikaongezwa.

Katibu aliingia na ripoti kwenye jalada, mimi nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa na sukari kwenye masharubu. Akasaini. Mtahini wa ndani akasaini, mtahini wa nje akasaini huku anaulizia gari lake. Profesa akatoa kalamu mfukoni, akasaini kwa mkia mrefu unaozunguka, na akanipa mkono. "Si nilikuambia?" akasema. Mimi nilisaini wa mwisho, na niliisoma yote kwanza.

Ililipuka wiki mbili baadaye, siku ofisi ya masomo ya juu ilipomwandikia Profesa kumkumbusha zile barua kwa wahariri. Alishuka ngazi mbilimbili. Nilikuwa kwa katibu nachukua marundo ya mitihani.

"Nani ameamua hili?" alifoka, karatasi inapepea.

"Jopo, Profesa," katibu akasema. "Saini yako hii hapa."

"Hatukusema hivi! Hakuna aliyesema hivi mule ndani!"

"Yule alisema," katibu akaninyooshea kidevu. "Ila mlisema hamtahini yanayosemwa."

Profesa akanitazama, akamtazama yeye, akafungua mdomo. Nadhani alikuwa karibu kututajia yale maneno ya mlangoni kwake, yakamkwama njiani. Alipanda ngazi moja moja. Barua zilichelewa miezi minne, lakini ziliandikwa, maana angetaka kuipinga ripoti ile ingebidi akiri mbele ya baraza kwamba profesa wa uamuzi husaini asichokisoma.

Nafasi ya uhadhiri aliipata mwenzangu mmoja anayepaka rangi za kwake. Bado nasahihisha mitihani. Sura ya nne niliiandika upya kwa miezi mitano, kurasa ishirini na mbili tu, nikiwa na mahojiano ya makarani sita na ya Shangazi. Nilipomaliza nilimpelekea aisome. Alikaa nayo siku mbili, miwani kwenye ncha ya pua, bibi akimlalamikia kwamba haongei na watu. Alinirudishia ikiwa na alama za penseli.

"Umeandika kikao kilifungwa saa sita kasoro dakika kumi," akasema. "Kilifungwa saa nne na nusu. Rekebisha."

"Nitarekebisha, Shangazi."

Akafungua ukurasa wa mwisho, akatoa kalamu ya wino, na chini kabisa kushoto akaandika herufi mbili ndogo. Akazipuliza zikauke.

"Na hizi," akasema, "usithubutu kuzifuta."